Samadi Ndiyo Hurundikwa: Maneno ya Kumuaga Belaid Uhmad

Lahsen, mwenyekiti wetu wa Jumuiya, hebu simama nikuone. Nani alikufundisha kuandika kwenye kadi ya mwaliko kwamba Belaid Uhmad "alirundika mali za kijiji kwa miaka thelathini na minne"? Kinachorundikwa ni samadi. Huwekwa nyuma ya zizi, ikanuka, ikapekuliwa na kuku, ikangoja koleo. Umesoma mjini mpaka ukavishwa joho, kadi umezichapisha kwa maandishi ya dhahabu, halafu mzee wa watu unamuaga kwa neno la zizini! Aibu ilikuwa yako peke yako, lakini kadi umekwisha kuzigawa, kwa hiyo sasa ni yetu sote.

Uliniambia, "Bibi, andika ukurasa mmoja tu wa kitabu cha sherehe, mambo mafupi, ya kuchekesha." Nitaandika. Ya kuchekesha yamo. Ufupi kauombe kwa mwingine.

Basi na ijulikane: Belaid Uhmad, mtunza lango wa ghala la Ighil Uzru, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei, baada ya sala ya adhuhuri, akiwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi. Mimi Tuda nimelifagia ghala hilo na kulipaka chokaa chini ya amri yake kwa miaka ishirini na sita. Herufi nimezijua uzeeni, kwenye darasa la wanawake pale msikitini, lakini maneno nilikuwa nayo kabla ya herufi. Na kabla sijamsifu mtu, nitaliweka sawa neno lake.

Kwetu kuna neno smun, yaani kusanya. Hilo ndilo la kazi ya Belaid. Ndani yake limo neno la kufuatana njiani, kama watu wawili wanaokwenda sokoni pamoja ili njia iwe fupi. Kwa hiyo mama yangu akisema amekusanya kitu, alikuwa amesema amekifanya kifuatane na vingine. Alilitumia kwa lozi zilizoanguka chini ya mti, kwa watoto chakula kinapopoa, kwa mbuzi jua likishuka, kwa nywele za bibi harusi, na kwa maneno ya barazani kila mwanamume anaposema lake. "Yakusanyeni maneno yenu!" aliwapigia kelele kutoka jikoni, nao waliyakusanya. Sikumsikia hata siku moja akilitumia neno hilo kwa mtu aliyejaza vitu kwake akafunga mlango. Huyo alimwambia amerundika. Na yule anayeweka kidogo juu ya kidogo, leo pishi kesho pishi, huyo analimbikiza, na mama alimtazama usoni kwanza kabla ya kumsifu: sawa, unalimbikiza, siku ya kula utakula na nani?

Tofauti ndiyo hiyo, Lahsen. Katika ghala letu kila nyumba ina chumba chake na ufunguo wake wa mti, lakini lango ni moja, na langoni yupo mtu. Shayiri yangu imeegemea ukuta mmoja na shayiri ya mwanamke nisiyesalimiana naye tangu mwaka wa nzige. Sisi tumenuniana, shayiri zetu hazina habari. Mtu aliyezikalisha pamoja miaka yote hiyo ni Belaid.

Na sasa mtu huyo anaondoka, na mahali pake hamjamweka yeyote. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, msidhani ni kwa ajili ya kadi tu. Shayiri mpya imeshapurwa, iko kwenye magunia, inangoja kupandishwa. Lango lisipopata mtu wiki hii, kila nyumba itabeba vyake ikavifungie chumbani kwake, na ghala lililohamwa huku kwetu halidumu. Mvua mbili za nguvu, paa limeingia ndani. La majirani zetu wa ng'ambo ya bonde mmeliona. Mbuzi wanazalia mle.

Sasa nimsimulie mtu wangu.

Belaid hakuzaliwa hapa. Ameletwa huku na mke, marehemu Mamas, Mungu amrehemu, aliyekuwa binti wa kijiji hiki. Kabla ya hapo alikuwa Kasablanka kwenye duka la mjomba wake, akiuza sukari na dengu. Vijana wetu wote huenda Kasablanka kuuza sukari na dengu, nao hurudi likizo na magari. Belaid alirudi na paka. Paka mmoja wa kijivu, ndani ya kapu, ametapika njia nzima. Mama mkwe alipomwona akamwuliza, "Mwanangu, umekaa mjini miaka saba ukapata hiki?" Belaid akajibu, "Huyu ndiye pekee aliyekuwa akinisubiri nifunge duka." Tukacheka, tukasema Mamas ameolewa na mpumbavu.

Mwaka huohuo mtunza lango wa zamani alifariki, na wazee wakatafuta mwingine. Sheria yetu mnaijua: anayekaa langoni asiwe na chumba ndani, kwa kuwa mwenye chumba ataangalia mlango wake kwanza. Tena alale palepale. Belaid alikuwa mgeni, hana shamba, hana chumba, na ana paka. Ghala lilikuwa limejaa panya. Nadhani ni paka aliyechaguliwa, mume wa Mamas akaongezwa.

Aliingia kazini na ubishi wake. Kwanza alikataa mtu kupita langoni bila kusalimu. Si salamu ya kutupa kama mfupa. Alitaka usimame, useme habari za nyumba, za mgonjwa, za mbuzi aliyepotea, ndipo asogee. Mkiwa mmegombana wawili, hamuingii siku moja. Mmoja atakaa kwenye jiwe mpaka mwingine atoke. Mimi mwenyewe nimelikalia jiwe hilo, tena kwenye baridi, na ndoo ya chokaa inakauka.

"Belaid, mimi ni mfanyakazi wako!" nilimwambia.

"Leo uso wako si wa mfanyakazi, Tuda. Kaa."

"Chokaa inaganda."

"Na wewe umeganda. Tutaanza na wewe."

Mtu wa namna hiyo unampenda polepole.

Ya kuchekesha mliyoyataka ni haya. Kuna mwaka ilikuwa harusi, na mnajua kwetu binti akizaliwa mama hujaza mtungi wa siagi, akauziba, akauweka ghalani, haufunguliwi mpaka siku ya harusi yake. Ngoma zimeshafika, wageni wamekaa, wanawake wanangoja siagi. Belaid amevaa kanzu nyeupe mpya. Akatoka nje ya lango kwa haja ndogo, upepo ukalipiga lango nyuma yake, na ufunguo uko ndani, juu ya mkeka, pembeni ya birika. Lango lile haliingiliki. Babu zetu walilijenga kwa kuogopa majeshi, si kwa kuogopa Belaid. Ikabidi apandishwe kwa kamba ya kisima mpaka darini. Kamba ikakwama katikati. Amening'inia pale, kanzu imejaa upepo, na wanawake wa harusi hawakumwacha. Walitunga palepale:

Nani ameanika nyama juu ya ukuta wa ghala?
Nyama haijakauka, nyama ina ndevu.

Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Belaid alifika juu, akashuka ndani, akafungua, akautoa mtungi. Kesho yake akautoboa ufunguo, akautia kamba, akauvaa shingoni. Haukutoka shingoni mwake hadi wiki iliyopita. Hayo nitayafikia.

Kazi zake kubwa mnazijua, lakini vijana wengine mlikuwa Kasablanka, kwa hiyo sikilizeni. Paa la upande wa kaskazini lilipoingia maji, hakungoja msaada wa wilaya. Alipita nyumba kwa nyumba akidai mgongo mmoja na kapu moja la udongo. Aliyesema hana mgongo, aliletewa kapu mlangoni akaachiwa. Kapu likikaa mlangoni kwako na majirani wanapita, mgongo unapatikana. Paa likamalizwa kabla ya mvua ya pili. Birika la maji ya mvua alilichimbua tope mwenyewe, mimi nikivuta kamba, na tulitoa humo vitu viwili vya ajabu: kiatu cha askari na meno ya bandia. Kiatu hakikupata mwenyewe. Meno yalipata, lakini nimeapa kutomtaja.

Halafu kuna kazi aliyoifanya ambayo haiandikwi kwenye kadi. Belaid aliona milango isiyofunguliwa. Mwenye shayiri hupanda kila wiki kuchota, mwenye chumba kitupu haji. Akiona mlango umenyamaza, aliniita pembeni, akachota kwenye fungu la langoni, lile ambalo kila nyumba huliwekea kidogo baada ya mavuno kwa ajili ya mpita njia na aliyekwama. Akanijazia kapu. "Wapelekee," alisema, "waambie hii ilimwagika langoni siku ile walipopita, nikawawekea."

Nami nilipeleka. "Hii ilimwagika langoni." Mwenye nyumba alijua hakuna kilichomwagika, mimi nilijua anajua, na tuliulizana habari za watoto. Wengi mnaosoma kitabu hiki mlikula ugali wa shayiri iliyomwagika langoni. Siwataji. Lakini mkifika ukurasa huu nyamazeni kidogo.

Kamera ambayo Lahsen anataka kuiweka langoni itaona nani amepanda. Itamwonaje asiyepanda?

Sasa Hajj Bihi. Usinune, Hajj, nimekusimulia kwenye harusi tatu na wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Wageni kutoka wilayani hawajui, na hao nao watasoma.

Milango yetu yote ghalani ina tundu chini, kiasi cha paka kupita. Babu zetu waliwapa paka njia kabla ya kujipa wao dirisha. Mwaka mmoja Hajj Bihi alivuna sana, wakati wengine tulivuna cha kujaza kofia. Akaanza kuona wivu na paka. Kweli, na paka! Akasema wanaingia chumbani kwake mara nyingi kuliko kwa wengine, wanalala juu ya shayiri yake, wanamtia hasara. Belaid akamwambia, "Wanakuja kwako kwa sababu kwako ndiko kwenye chakula cha panya, Hajj. Ni heshima." Hajj hakuitaka heshima. Akapanda na simenti, akaziba tundu.

Kufikia majira ya baridi panya wa ghala zima walikuwa wamejua nyumba isiyo na paka. Walihamia kwa Hajj na wajukuu zao. Alipofungua mlango, shayiri ilimtazama kwa macho.

Alichukia. Hakuchukia simenti, alichukia ghala. Akatangaza hataki tena kufuatana na mtu. Akanunua mapipa ya plastiki, yale ya buluu yenye vifuniko vya kukaza, akayapanga kwenye chumba chake cha wageni mpaka dari. Mavuno yaliyofuata aliyapura haraka kwa kuikimbia mvua, akayamwaga humo yakiwa na unyevu wake, akakaza vifuniko kwa miguu. Tukipita barazani kwake alikuwa akiyapiga mapipa kofi kama mtu anayepiga shingo ya farasi. "Mnasikia? Yamejaa. Nimekusanya peke yangu, bila lango, bila salamu, bila paka."

"Umekusanya nini na nini, Hajj?" nilimwuliza.

"Shayiri na shayiri, mwanamke! Nini tena?"

Wanaosema akiba haiozi hawakuwapo siku mapipa yale yalipofunguliwa. Ilikuwa mwaka wa tatu wa ukame, mwezi ambao hata nyumba zenye majina zilikuwa zikikwangua pembe za vyumba. Hajj alikaa kimya miezi yote, akituonea huruma kutoka mbali. Halafu akafungua pipa la kwanza. Harufu ilishuka bondeni mpaka mbwa wakasimama. La pili vilevile. Yote. Shayiri ilikuwa imeshikana ikawa tofali nyeusi, hata kuku waliisogelea wakarudi. Mkewe alikaa kizingitini amejifunika uso, na watoto wa mwanawe walikuwa wanne, wote wadogo.

Alipanda ghalani siku ya tatu. Sisi wenyewe tulikuwapo, tumepanda kuchota kile kidogo. Hakuwa na gunia mkononi. Aliona aibu hata ya gunia. Wanaume wakaanza kunong'ona kwa sauti ile ya kutaka kusikika. Mmoja akasema, "Fungu la langoni ni la walioweka. Hajj hajaweka tangu ahame." Mwingine akasema, "Ale plastiki."

Belaid alikuwa amekaa mlangoni anasafisha birika la chai.

"Habari za nyumba, Hajj?"

Hajj akakohoa. "Nzuri."

"Habari za nyumba, Hajj?"

Halafu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Mbaya, Belaid. Watoto wanne."

Belaid akainuka, akaingia ndani, akatoka na patasi na nyundo. Akamwekea miguuni.

"Nenda kwanza kafungue tundu la paka."

"Belaid, nimekuja kuomba chakula, unanipa nyundo?"

"Chakula utapata, hata ukikataa nyundo utapata, watoto hawana simenti yoyote waliyoweka. Lakini chumba chako kimezibwa, na mtu hachoti humu akiwa amejiweka nje. Kafungue."

Hajj akaangalia wanaume, akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Usinitazame mimi, mtazame paka, ndiye wa kumwomba msamaha."

Akaenda. Mzee mzima, kilemba cha safari ya Maka kichwani, amepiga magoti anagonga simenti, vipande vinamrukia ndevuni. Aliyesema "ale plastiki" ndiye aliyekwenda kumsaidia, kwa kuwa Hajj alikuwa akiishika patasi kama kijiko. Tundu lilipofunguka, paka mmoja aliyekuwa akingoja muda wote alipita katikati ya miguu yao akaingia, hata hakuwashukuru. Ndipo Belaid akapima. Alimpimia kama alivyompimia kila mmoja wetu, pishi ya kujaa, kichwa kikiwa kimelainishwa kwa kiganja. Hajj akasema, "Nitarudisha." Belaid akasema, "Utaweka. Kurudisha ni kwa aliyeazima."

Mvua iliporudi, mavuno ya kwanza ya Hajj Bihi yalipanda ghalani yote. Mapipa aliyakata, ameyapandia mnanaa. Mzuri sana, ninauchuma bila kuomba.

Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa langoni, enyi mlioandika "mlinzi" kwenye bango la sherehe. Mbwa ni mlinzi.

Sasa nifike kwenye jambo. Magoti ya Belaid yamekwisha. Vile vijiwe vinavyotoka ukutani ambavyo sisi tunaviita ngazi, anavipanda kwa makalio. Binti yake amekuja mara mbili kutoka Tiznit kumchukua, na mara mbili amerudi na mkoba mtupu, kwa kuwa baba yake amemwambia haondoki langoni kabla ufunguo haujapata mkono. Si mchezo. Mtu huyu akisema hivyo, mkimpuuza, mtamwokota siku moja chini ya ukuta, na sherehe yenu ya kadi za dhahabu itakuwa matanga.

Jumanne iliyopita wazee na Jumuiya walikaa kwenye mkeka wa langoni. Nilikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuniambia niondoke.

Lahsen akaanza. "Ami Belaid, tumepata suluhisho. Kufuli la chuma, kila nyumba na ufunguo wake wa lango. Na kamera. Picha naipata mpaka Kasablanka, usiku na mchana."

"Na ukiona panya?" nikamwuliza. "Utampigia simu?"

"Bibi, tafadhali."

Belaid akamwuliza taratibu, "Lahsen, mwanangu, hilo kufuli litamwuliza nani habari za mama yake?"

Hajj Bihi akadakia, "Belaid, siku hizi nani anaiba shayiri?"

"Lango halikuwekewa wezi, Hajj. Wezi wana ngazi zao. Liliwekewa sisi." Akaongeza, "Tena mtu ninaye. Kelthum."

Kelthum mnamjua, lakini wageni hawamjui. Aliolewa Tiznit, ndoa ikavunjika, akarudi hapa miaka tisa iliyopita na begi moja. Chumba cha baba yake ghalani walishachukua kaka zake. Belaid akampa ndoo, akawa mwenzangu wa chokaa. Mimi nimechoka, nusu ya ukuta mnaouona mweupe ni wake. Anajua salamu ndefu, na ana macho ya kuona mlango ulionyamaza. Makapu ya "ilimwagika langoni", mwaka huu na uliopita, ni yeye aliyeyabeba.

Halafu Hajj Bihi, huyohuyo wa nyundo, akasema, "Mwanamke? Langoni? Watu wa ng'ambo ya bonde watatucheka mpaka meno yawadondoke."

"Yadondoke," nikasema, "watakula uji. Wao na ghala lao la mbuzi! Hajj, shayiri yako ilifikaje huko juu? Ilipaa? Ilipanda kwenye mgongo wa mama yako, halafu wa mkeo, halafu wa binti zako. Mgongo wa mwanamke umeijua njia, mkono wake ndio utashindwa kugeuza ufunguo?"

"Sisemi mkono, Tuda. Nasema desturi."

Hapo Belaid akaivua ile kamba shingoni. Ufunguo wa lango ni mrefu kama mkono wa mtoto, mti wake umekuwa mweusi kwa jasho lake. Akauweka katikati ya mkeka.

"Desturi ni mbili," alisema. "Asiwe na chumba ndani, na alale hapa. Mwanamume yeyote kati yenu aliye nazo zote mbili, auchukue."

Waliutazama kama nge. Mmoja akakumbuka pumu yake. Mwingine ana duka. Mwingine mke wake hamruhusu, na huyo angalau alisema kweli. Lahsen alitazama simu. Hajj Bihi alipangusa ndevu, na mkono haukwenda.

Kelthum akaingia na chai. Alisikia yote, mlango wa langoni hauna siri. Akaiweka sinia chini, akamimina bilauri ya kwanza, akampa Belaid. Halafu akainama, akauokota ufunguo, akaufuta kwa pindo la shuka lake, akauvaa shingoni.

Lahsen akasema, "Lakini shangazi Kelthum, hujachaguliwa."

"Basi nichagueni," akasema. "Chai inapoa."

Mkanywa chai yake. Nyote! Mkasifu mnanaa. Kisha mkasema, "Tutaamua Ijumaa." Mwanamke akarudi kwenye ndoo yake, ufunguo uko kifuani, na mzee bado analala langoni na mkoba wake ukutani haujatiwa kitu, kwa ajili ya neno lenu moja.

Belaid Uhmad, sasa nakusemesha wewe, halafu nimalizane na hawa. Umekuwa mkaidi, unakoroma ukuta unatikisika, na chai yako haijawahi kuwa na sukari ya kutosha tangu umalizane na duka la mjomba wako. Kwa miaka yote hiyo umetukalisha pamoja sisi tusiopendana, hukutudai neno, na ndani ya ghala lile hukuwa na hata kona ya kuweka kofia. Kijiji kinakushukuru. Nami nakushukuru, na sitalirudia hilo ukiwa mbele yangu. Kaa Tiznit kwa binti yako, juani, magoti yako yapate joto. Usingizi wako uwe mzito, usiusikilize mlango wowote. Mungu akupe siku nyepesi na miaka iliyonona, na mkwe asiyeongea sana.

Na ninyi wengine. Ighil Uzru haijawahi kumchagua mtu wa langoni kwa kunyoosha mikono, wala kwa hotuba, wala kwa simu kutoka Kasablanka. Kila nyumba hupandisha pishi moja ya shayiri mpya, ikamkabidhi mtu mkononi. Aliyepokea ndiye. Belaid alichaguliwa hivyo, na aliyekuwa kabla yake, na kabla ya huyo.

Kwa hiyo Ijumaa mkitoka msikitini, msije kwenye hema la sherehe. Viti vitangoja, nyama itangoja, mgeni wa heshima kutoka wilayani atangoja. Kila mwenye chumba apande kwanza ghalani na pishi yake, ya kujaa, ampe Kelthum kwa mkono wake mwenyewe, asitume mtoto. Hajj Bihi, wewe utatangulia, na wengine watakufuata. Nitakuwa nimesimama langoni na Belaid. Asiyetaka kupanda na pishi, apande na gunia tupu ahamishe vitu vyake mchana kweupe, mbele ya macho ya mzee, amsalimu, amweleze habari za nyumba yake, na amwambie mwenyewe kwa nini.

Lahsen, kufuli lirudishe dukani. Ukishalirudisha, uje unishikie ndoo. Mwenzangu amepata kazi nyingine, na ukuta wa kaskazini haujapakwa.